Shoo ya panki Mombasa isiyo ya baa: tupige wapi?

BesiYaTudor

Hamjambo nyote. Mimi napiga besi na kuimba. Bendi yetu ya panki, yaani roki fupi ya kasi na kelele, ni watu watatu: ndugu yangu yuko kwenye gitaa, jirani yetu kwenye dramu. Mazoezi tunafanyia Tudor, gereji ya ami yangu, Jumapili gari zikishatolewa. Nyimbo zetu ni za Kiswahili: foleni ya feri Likoni, kodi ya nyumba, maji ya mfereji yanayokuja usiku wa manane.

Shida ni pa kupiga. Mpaka sasa tumepata baa tu, upande wa Nyali. Mwenye baa ni muungwana, lakini anataka nyimbo ambazo wateja wanazijua, tuanze saa nne usiku, na wao wamekaa kule mezani wanangoja nyama choma. Tukimaliza wanatupigia makofi ya adabu. Panki sikuianzia makofi ya adabu. Nataka mtu asimame hapa mbele yangu, karibu hata nimwone jasho, aitikie kiitikio kwa sauti yake yote.

Na wale hasa ninaowaimbia hawaingii. Binamu yangu ana miaka 16. Rafiki zangu wa buibui wanazijua nyimbo zote kwa moyo, wamezisikia gerejini, lakini baa hawakanyagi, na sitaki waje halafu wasemwe mtaani. Mamangu mwenyewe hajatuona tukipiga.

Waliowahi kuandaa shoo bila baa hapa mjini, mnafanyaje? Ukumbi, muda, majirani, vyombo. Nielezeni kama mtu anayetaka kuanza kesho.

MzeeWaAmpu

Dada, anza na saa. Usiku uache kabisa. Jumapili ya hapa kwetu ina nafasi iliyo wazi, nayo ni baada ya sala ya alasiri mpaka kabla ya magharibi. Mlango ufunguliwe saa kumi, bendi ya kwanza ipige saa kumi na nusu, na kabla ya adhana ya magharibi ampu zote, yaani vikuza sauti vya magitaa, ziwe zimezimwa. Kanisani watu wameshatoka, adhana hamkuiingilia, na binti wa watu anarudi kwao matatu bado ni tele.

Utasema muda hautoshi. Panki ndiyo muziki unaotosha! Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Bendi nne, kila moja dakika ishirini, zinaingia vizuri mkitumia dramu moja na ampu zile zile. Kila mtu aje na gitaa lake, vijiti vyake na waya wake. Hapo kubadilishana ni dakika tano, na mpiga dramu asianze kuhamisha kila kitu kama anahama nyumba.

Ukumbi: tafuta mahali ambapo mapato yake hayatokani na pombe. Ulizia Swahilipot, kituo cha vijana pale karibu na Fort Jesus, ulizia kumbi za mitaa, ulizia hata yadi ya mtu anayekuamini. Chumba kiwe kidogo kuliko unavyotamani. Watu arobaini katika chumba cha arobaini wanapiga kelele kuliko bendi, lakini wapeleke ukumbi wa mia tatu uone watakavyobanana ukutani kimya. Na kama kuna jukwaa, usilipande. Dramu ziwe sakafuni, watu wawazunguke pande tatu.

Habari ya watoto kuingia ni ya zamani katika panki. Mwaka 1980 vijana wa bendi ya Teen Idles ya Washington, Marekani, walikwenda California, na klabu moja ya San Francisco iliwaruhusu kuingia wakiwa wadogo, ila walichorwa X mkononi ili kaunta isiwauzie pombe. Waliporudi kwao wakaziomba klabu za Washington zifanye vivyo hivyo. Baadaye bendi ya Fugazi ilishikilia kiingilio cha dola tano na mlango wazi kwa kila umri. Sisi hata X hatuihitaji, kwa kuwa kaunta yetu inauza madafu na viazi karai. Mpe nafasi mama anayeuza jirani, usilete mtu wa mbali.

Majirani wapitie mapema, nyumba kwa nyumba, uwaambie saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Halafu umalize saa hiyo hiyo. Ofisi ya kaunti uende kuuliza kibali, maana kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009 na mtu akilalamika huna utetezi. Kiingilio weka shilingi mia. Pesa zihesabiwe mezani mbele ya bendi zote: kwanza ukumbi, pili spika, kinachobaki kigawanywe sawa, na bendi iliyotoka mbali ipate nauli kabla ya mgao.

FundiSautiKisauni

Naongezea ya mitambo tu. Chumba kidogo hakihitaji maikrofoni kwenye dramu. Kwenye spika tia sauti za waimbaji peke yake. Ampu ya gitaa ipandishe juu ya kiti imwelekee mpigaji masikioni, la sivyo haisikii na ataongeza sauti kila wimbo mpaka maneno yapotee. Na maneno ya nyimbo zenu, kwa nilivyosoma hapo juu, hayafai kupotea. Spika ziwe mbele ya mwimbaji, zisimwangalie, ndiyo maikrofoni haitapiga mluzi. Zege na mabati vinarudisha mwangwi vibaya, kwa hiyo azima mikeka na mapazia mtundike ukuta wa nyuma.

Nyuzi zifute kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza. Chumvi ya bahari yetu inazila upesi. Na mkubaliane kabisa stima ikipotea mnafanya nini: dramu isinyamaze, watu waendeleze kiitikio.

Msafiri_Bara

Samahani, sipingi, nauliza. Mbona vijana wa Pwani mwende panki? Si mambo ya wazungu? Tuna taarab, tuna chakacha.

BintiMakupa

Kaka Msafiri, chakacha tunacheza na panki tunaenda. Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi, bendi yao Death, walirekodi muziki huu mwaka 1975, kabla London haijapata habari. Bendi ya Bad Brains ya Washington ni weusi, walipiga panki na rege katika shoo moja, na rege Mombasa huwezi kuiita ngeni. Nairobi kuna bendi ya panki, Crystal Axis. Na hapa hapa kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, walijigawa Kingi na Skochi, wakajishonea sare, wakapiga ngoma barabarani kushindana. Hawakungoja mtu awape jukwaa.

BesiYaTudor, mimi ni shabiki, sipigi chochote, lakini nina ombi. Wakati watu wanasukumana wakicheza mbele ya bendi, mtu akianguka ainuliwe papo hapo, na bendi isimamishe wimbo kama hakuinuliwa. Liseme mwanzoni kwa maikrofoni. Na upande mmoja wa mbele uachieni wanaotaka kusimama bila kusukumwa. Nilikwenda shoo Nairobi kwa treni, wakafanya hivyo, na mimi mfupi nikaona vidole vya mpiga besi muda wote. Sijawahi kufurahi vile. Nataka hiyo hapa, nisipande treni.

BesiYaTudor

Ahsanteni sana, nimesoma yote na ndugu yangu nikamsomea. Jumapili alasiri imekubalika, na mamangu amesema yeye atakaa mlangoni kupokea pesa, basi hapo hakuna wa kuingia bure. BintiMakupa, ule upande nitakuwekea, kulia kwa besi. Jumatatu naenda kaunti kuuliza kibali.

Kumebaki kitu kimoja: pedali ya dramu kubwa, yetu imekatika mnyororo. Nani anayo ya kutuazima, Kisauni au kisiwani?

FundiSautiKisauni

Ninayo. Pitia Kongowea jioni, uje na mpiga dramu aijaribu.