Naomba ushauri: hesabu ya washukiwa katika riwaya ya vijana

Habari zenu wakuu. Nina mswada wa riwaya ya vijana, mandhari yake ni Nairobi. Mhusika mkuu ana miaka 16. Baada ya shambulio, serikali inaweka mtambo wa kubaini washukiwa kwa mienendo ya simu.

Jumbe za wahusika wangu zimesimbwa, hazisomeki. Ila kampuni ya simu bado inajua nani kampigia nani, saa ngapi, na kupitia mnara upi. Hapo ndipo wananaswa. Na kwa kuwa laini ya mhusika mkuu imesajiliwa kwa jina la baba yake, anayekamatwa kwanza ni yeye (sehemu hii siitoi).

Ninapokwama ni kwenye hesabu. Mtambo ukikosea kwa 1% tu kati ya watu 4,000,000, wasio na hatia kama 40,000 wanaingia kwenye orodha, hata kama magaidi wenyewe ni 10. Nimejaribu kumpa mwalimu aieleze, ikawa kipindi cha darasani. Nikaiweka kwenye barua, ikapooza.

Je, niioneshe kupitia tukio gani? Na wakili akishika ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya, ya faragha, amtetee nayo baba peke yake, au na mtoto ambaye laini si yake kwa jina?