Mrejesho: Upasuaji wa kukaza uso, baada ya kuonana na daktari bingwa

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza tofauti kati ya kukaza ngozi pekee na upasuaji wa kina wa uso. Daktari bingwa niliyemwona amenieleza kwamba ngozi ikivutwa peke yake hulegea mapema na kovu hutanuka. Ndiyo maana, tangu madaktari Mitz na Peyronie walipolieleza tabaka la SMAS (utando wa nyuzinyuzi na misuli ulio chini ya ngozi ya uso) mwaka 1976, wapasuaji wengi hulikaza tabaka hilo lenyewe, ilhali mbinu ya kina aliyoieleza mpasuaji Hamra mwaka 1990 hupita chini yake, huachia kano zinazoshikilia shavu na kuliinua tabaka hilo pamoja na ngozi. Huko matawi ya neva ya uso yako karibu, kwa hiyo kwangu uzoefu wa mpasuaji una uzito kuliko jina la mbinu.

Alilipapasa kovu la hereni kwenye ndewe yangu, akauliza kuhusu keloidi (makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha) katika ukoo wetu, sigara na presha, kwani presha isiyodhibitiwa huongeza hatari ya damu kuvilia chini ya ngozi. Nyuzi za kuinulia ngozi nimeziacha, kwa kuwa matokeo yake hayadumu. Nimechagua kukazwa SMAS, presha ikishatulia.