Muziki wa klasiki unatuliza kweli, au mimi ndiye sijui kuusikiliza? Naomba ushauri

Binti Uluguru

Habari za usiku wana jukwaa. Ni saa nane kasoro, niko macho, na hii ni wiki ya tano silali usingizi wa kueleweka. Kazi yangu ni uhasibu. Tulifunga hesabu za mwaka mwezi Juni, na tangu hapo kichwa kimekataa kupumzika.

Naishi Morogoro na mama yangu, ana miaka 68 na ana presha. Dawa anakunywa vizuri, ila mawazo na kelele vinampandisha. Kazini wakanishauri niachane na bongofleva usiku, niweke klasiki, kwamba inatuliza akili na hata presha inashuka. Kila niliyemuuliza alikubali, hata ambao hawajawahi kukaa chini wakaisikiliza.

Nikajiunga bando, nikapata YouTube mkusanyiko wa saa tatu wenye picha ya ziwa, umeandikwa ni wa kutuliza. Mwanzoni nilipenda. Piano peke yake, polepole, kama mtu anatembea uani usiku bila viatu. Nikaanza kusinzia. Mara fidla zikaja zote kwa pamoja, kama mvua ya mawe juu ya bati, nikakurupuka moyo unanienda mbio. Nikapunguza sauti. Kipande kilichofuata kikawa hakisikiki, nikaongeza, nacho kikalipuka. Katikati likaingia tangazo la sabuni. Nilishindana na kitufe cha sauti mpaka adhana ya alfajiri.

Jumapili mchana nikamwekea mama sebuleni kile kipande cha piano. Akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza, "Nani amefariki?" Hakuwa anatania. Alirudi akazima jiko, akaja kukaa kwenye kiti anasubiri aambiwe.

Sasa nauliza. Huu muziki unatuliza kweli au watu wanasema kwa kuwa unasemwa? Kuna namna ya kuusikiliza ambayo sijafundishwa? Na mama nimfanyeje? Naomba wenye uzoefu wanijibu. Natanguliza shukrani.

Dereva wa Usiku

Pole dada. Anza kwa kuizima hiyo simu. Ule mwanga wa kioo usoni saa nane usiku unakuamsha kuliko fidla yoyote.

Nyuzi Nne

Dada Binti Uluguru, kabla sijasema lolote nakuomba urudi kwenye ule mkusanyiko uangalie kipande kilichokukurupusha kimeandikwa nini. Nina sababu ya kuuliza.

Binti Uluguru

Kimeandikwa Vivaldi, L'estate, Presto.

Nyuzi Nne

Nilijua. Sasa sikiliza, maana swali lako la kama hujui kuusikiliza limenigusa.

Mimi napiga fidla, nimeanza nikiwa mtu mzima. Kipande hicho ni sehemu ya tatu ya Kiangazi, katika zile konseto nne za Vivaldi (muziki ambao fidla moja inaongoza okestra) za majira ya mwaka zilizochapishwa Amsterdam mwaka 1725. Kila konseto ilichapishwa pamoja na shairi linaloeleza kinachotokea ndani ya muziki. Na unajua shairi linasema nini hapo ulipokurupuka? Mbingu inanguruma, inapiga radi, na mvua ya mawe inakata vichwa vya ngano shambani.

Wewe umeandika "mvua ya mawe juu ya bati". Hukuambiwa na mtu. Umeisikia mwenyewe, saa saba za usiku, kwenye spika ya simu. Asikwambie mtu kwamba hujui kusikiliza.

Tena kuna zaidi. Sehemu ya pili ya konseto hiyohiyo, ile ya kabla ya dhoruba, inamweleza mchungaji aliyechoka kwa jua anayetaka kulala lakini hapati usingizi, kwa hofu ya radi na kwa kundi la nzi na inzi wakubwa wanaomzunguka. Fidla moja inaimba polepole kama inasinzia, halafu nyingine zinaingia ghafla chini yake, ndio ngurumo za mbali. Kwa hiyo aliyekuwekea kipande hiki kwenye orodha ya kulalia amekuwekea habari ya mtu asiyeweza kulala.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Neno klasiki linabeba muziki wa karne kadhaa. Humo mna misa za wafu, ngoma za harusi, vita, vichekesho, maombi, na mitihani ya vidole ambayo mwandishi hakutegemea mtu aisikilize kwa raha. Mtu akikwambia "sikiliza klasiki utulie" ni kama akwambie "kula chakula upone". Chakula gani? Mimi huumia nikisikia Beethoven anageuzwa dawa ya usingizi. Simfoni yake ya tano ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, watu walikaa kwenye ukumbi wenye baridi kali kwa saa kama nne. Hakuna aliyekwenda pale kutafuta usingizi.

Kuhusu kitufe cha sauti: nyimbo nyingi za siku hizi zinabanwa studio ili sauti ikae usawa mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Rekodi za okestra kwa kawaida haziminywi hivyo. Kuna mahali watu 80 wananong'ona na mahali hao 80 wanapiga kelele, na vyote vimeachwa vilivyo. Ukiweka sauti ya kusikia mnong'ono, kelele itakutoa kitandani. Kwa hiyo usiku tafuta chombo kimoja tu. Piano, au gitaa, au selo peke yake. Erik Satie ana vipande vitatu vya piano vya mwaka 1888 viitwavyo Gymnopédies, vinaenda mwendo mmoja bila kukushtukiza. Nahisi ndicho ulichokipenda mwanzoni. Pakua kabisa kwenye simu ili matangazo yasiingie, uweke muda wa kujizima.

Mama Kibe

Na ile maneno ya Mozart kumfanya mtoto awe mwerevu, ni ya kweli? Niko na mimba ya miezi sita na kila jioni naweka simu kwa tumbo.

Nesi wa Hamburg

Hongera Mama Kibe. Hiyo ilianzia kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 1993, na waliopimwa hawakuwa watoto. Walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, walisikiliza sonata moja ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kuwaza maumbo, kama karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikifunguliwa. Baada ya robo saa hivi faida ikaisha. Mambo ya mimba na watoto wachanga yaliongezwa na wauzaji. Mwimbie mwanao kwa sauti yako, hiyo anaisikia na ataikumbuka.

Binti Uluguru, mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Ujerumani, na muziki huu unapigwa karibu kila siku. Nakwambia ninachokiona. Kuna waltz moja tukiiweka, meza nzima inatabasamu, isipokuwa bibi mmoja anayelia kila mara, kwa sababu ilipigwa siku wanamzika mumewe. Mashine ya presha inaonyesha tofauti kwa watu wawili waliokaa meza moja, wakisikia wimbo uleule.

Kwa upande wa utafiti, upo ninaoupenda wa Waitaliano wa mwaka 2006. Walichukua watu 24, nusu wanamuziki, nusu si wanamuziki, wakawasikilizisha muziki wa aina mbalimbali, wa haraka na wa polepole. Kilichopandisha pumzi, mapigo na presha kilikuwa kasi ya mdundo zaidi ya aina ya muziki. Kisha katikati waliingiza ukimya wa dakika mbili, bila kuwatahadharisha. Ndani ya ule ukimya, mapigo na presha vilishuka chini ya pale walipoanzia. Watu 24 ni wachache, usiupeleke kwa daktari kama hoja. Ila mimi tangu niusome, nikimaliza kumwekea mzee muziki siweki mwingine papo hapo. Nakaa naye kimya.

Na Hungaria mwaka 2008 walichapisha wa wanafunzi 94 wenye shida ya usingizi. Kundi moja lilisikiliza klasiki ya utulivu dakika 45 kila usiku kwa wiki tatu, lingine likasikiliza vitabu vinavyosomwa kwa sauti. Waliosikiliza muziki walilala vizuri zaidi. Angalia hapo: ilichaguliwa ya utulivu, na ilikuwa kila usiku kwa wiki tatu. Wewe umejaribu mara moja, tena kwa mkusanyiko mbovu.

Ila nikuonye kama nesi. Ukikosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, na ikafika miezi mitatu, hilo ni la kwenda hospitali. Usingoje ifike huko kama unaona kazi inakushinda. Na mama asipunguze kidonge hata kimoja kwa sababu ya muziki.

Mzee wa Kilosa

Mwanangu, mama yako hajakosea. Sisi wa umri wake tulisikia redio ya taifa tu. Ukiwasha ukakuta vipindi vya kawaida vimekatwa na muziki unakwenda polepole, ulijua kuna tangazo zito linakuja. Oktoba 1999, Mwalimu alipofariki, nchi nzima ilikaa na nyimbo za maombolezo siku nyingi. Mpaka leo mimi nikisikia vyombo vinakwenda taratibu bila mtu kuimba, nashika kichwa. Umemwekea mama muziki wa msiba mchana kweupe na chakula kiko jikoni. Lazima azime jiko.

Mkaazi wa Malindi

Bibie, hizo fidla wazitafuta mbali na huku zipo. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo Unguja tangu 1905, na fidla, udi na ganuni (ala ya nyuzi nyingi) ndiyo roho ya taarabu asilia. Mie baba'angu alikuwa hapati usingizi mpaka asikie taksim ya ganuni, mpigaji yu peke yake, anatafuta njia pole pole kabla waimbaji hawajaingia. Masikio yake yaliizoea tangu utotoni. Mtafutie mama kilichokuwemo ndani ya masikio yake tangu zamani.

Binti Uluguru

Ahsanteni sana wote. Mzee wa Kilosa, shikamoo. Nimemsomea mama maneno yako, akanyamaza kidogo, akasema "mwambie ahsante, huyo amenielewa". Mama alikuwa kwaya ya kanisani miaka 30, sauti ya pili. Taarabu anaipenda ila anasema inampa hamu ya kuinuka.

Mwalimu wa Sofa

Kama alikuwa sauti ya pili basi klasiki anaifahamu kuliko wewe. Muulize kama waliimba "Haleluya" ya Handel kwa Kiswahili siku ya Pasaka. Kwaya ngapi nchi hii zinaiimba kwa kusoma do re mi, bila kinanda! Ila usimwekee usiku. Mwanakwaya hasikilizi wimbo anaoujua, anauimba kimoyomoyo na kungoja zamu ya sauti yake. Usiku mwache na tenzi za polepole, mstari mmoja mmoja.

Nyuzi Nne

Nilisahau moja. Utakutana na hadithi kwamba Bach aliandika Goldberg Variations, muziki wake wa kinanda, ili kumlaza mkubwa mmoja aliyekosa usingizi. Iliandikwa kitabuni mwaka 1802, miaka 61 baada ya muziki wenyewe kuchapishwa, na wataalamu wengi wanaitilia shaka. Lakini hata ndani ya hadithi yenyewe, yule mkubwa hakuomba alazwe. Aliomba kitu cha kumchangamsha kidogo katika usiku wa kukesha. Mimi hilo limenisaidia sana. Usiku ambao usingizi haujaja, naweka ile aria ya mwanzo, sisubiri inilaze. Inakaa na mimi.

Binti Uluguru

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu kama nilivyoelekezwa.

Nimepakua Satie na hiyo aria ya Bach. Simu inakaa mezani mbali na kitanda, inajizima baada ya dakika 45. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili nililala kabla haijaisha siku mbili. Wiki hii siku nne. Siku zilizobaki bado nakesha, ila sikeshi na hasira. Dada Nesi, nimeweka miadi na daktari hata hivyo.

Kwa mama imekwenda tofauti kabisa. Piano hataki, na simlazimishi. Lakini nilimsimulia ile habari ya mchungaji na mvua ya mawe, akaniambia nimwekee. Mama amelima mahindi maisha yake yote, mwaka mmoja wakiwa watoto mawe yaliwamaliza shamba lote. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Fidla zilipoingia akasema, "Hapo imeshafika kwake." Sasa mara mbili kwa wiki, mchana, anaiomba. Haimtulizi, na mashine ya presha hatuigusi wakati huo. Ila ikiisha anakaa kimya muda mrefu, na mimi nakaa naye.

Jana ameniuliza swali nikashindwa kulijibu. Nyuzi Nne, anataka kujua yule mchungaji na wenzake mwaka ule walivuna chochote?

Nyuzi Nne

Mwambie mama shikamoo, na mwambie walivuna. Ni konseto inayofuata, L'autunno, yaani ya majira ya mavuno. Inaanza na wakulima wanacheza na kuimba kwa furaha ya mavuno, wanakunywa, kisha wanasinzia mmoja mmoja. Sehemu ya pili ni wao wamelala. Fidla zimefunikwa sauti, kinanda kinadondosha noti moja moja, hakuna ngurumo popote. Ni dakika mbili tatu tu. Hiyo mwekee jioni.