Ramani ya miunganiko ya ubongo: matriki inakataa kugeuzwa

Rau_Moshi
Wakuu, nachakata data huria za MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ya ubongo uliotulia, niko Moshi na laptop ya GB 8. Watu 40, kila mmoja picha 180, moja kila sekunde 2. Nimegawa ubongo maeneo 100, nikaondoa vigezo 24 vya mtikisiko wa kichwa kwa rigresheni (hesabu ya kutoa mchango wa vigezo), nikachuja mawimbi kubakiza masafa ya Hz 0.01 hadi 0.1. Korelesheni ya kawaida, yaani kipimo cha maeneo mawili kupanda na kushuka pamoja, inatoka. Nikitafuta ya moja kwa moja, yaani ya maeneo mawili baada ya kuondoa mchango wa mengine 98, programu inasema matriki (jedwali la namba za jozi zote, ambalo hesabu hii hulazimika kuligeuza) haigeuziki. Picha 180 si zinazidi maeneo 100?

Sakina_Arusha
Ukishachuja hazizidi tena, mkuu. Kwa picha moja kila sekunde 2, masafa ya juu kabisa yanayoonekana ni Hz 0.25. Umebakiza 0.09 kati ya 0.25, yaani 36%, hivyo mistari 180 ina taarifa huru kama 65 tu, chini ya maeneo 100, ndiyo maana matriki haigeuziki. Faili haikuonyeshi hilo. Tena uchujaji na rigresheni vifanywe katika modeli moja, maana vikifuatana hatua ya pili hurudisha uchafu uliotolewa na ya kwanza. Hapo vigezo 24 vinakula taarifa 24 humo humo kwenye hizo 65, unabaki na 41.

Ondoa kikomo cha juu, toa masafa yaliyo chini ya Hz 0.01 peke yake: unapata taarifa takribani 173, toa 24, zabaki 149. Bado ni chache kwa maeneo 100, kwa hiyo tumia makadirio ya Ledoit-Wolf, njia inayosogeza matriki kidogo kuelekea umbo rahisi ili igeuzike vizuri. Angalizo: kanuni yake huhesabu kila picha kuwa huru, na kwa picha zinazofanana na jirani zake hurekebisha kidogo mno.

Rau_Moshi
Shukrani sana. Picha zenye mtikisiko mkubwa nizikate?

Njiro_Takwimu
Usizikate kabla ya kuchuja, chujio linahitaji nafasi sawa kati ya picha. Kila picha iliyosogea zaidi ya mm 0.5 ipe kigezo chake kwenye modeli. Kila kimoja kinakula taarifa moja. Mtikisiko hukuza uhusiano wa maeneo jirani na kupunguza wa yaliyo mbali, hivyo weka pia wastani wa mtikisiko wa kila mtu kwenye jaribio la kundi.

Jozi zako ni 4950. Kwa kiwango cha 5%, hata kama hakuna uhusiano wowote, karibu 247 zitapita kwa bahati tu. Geuza kila r (namba ya korelesheni) kuwa z ya Fisher, kipimo kinachofaa zaidi kwa majaribio ya takwimu, pima kwa watu 40, usipime kwa picha, kisha sahihisha kwa Benjamini-Hochberg, njia ya kudhibiti sehemu ya matokeo ya uongo. GB 8 zinatosha kabisa.