Nilisema nilipumua mzee alipofariki, ndugu wamenigeuka. Naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Mzee wangu alipata kiharusi 2021, mimi ndo nilikua namgeuza usiku, pampasi, uji wa kupitisha kwenye mpira wa puani, miaka mitatu mpaka mgongo ukagoma. Juzi kwenye arobaini shangazi kaniuliza unajisikiaje mwanangu, nikajibu ukweli tu kwamba alipokata roho kitu cha kwanza nilipumua, machozi yalikuja kesho yake. Weee! Jamvi zima kimya, mtu kashika tonge la pilau halifiki mdomoni. Sasa hivi kwenye grupu la familia naitwa muuaji, na wanaoongoza ni walewale waliokua wanatuma tu "poleni sana". Bro mkubwa anataka niombe radhi mbele ya ukoo. Niombe, au nikaushe tu?