Tumehamia Lubumbashi kutoka Mbeya na watoto watatu: nyumba, kura (umeme), maji, shule

MamaWatatu
Habari za humu. Mume wangu amepata mkataba wa miaka miwili Lubumbashi, kazi ya usafirishaji, nasi tumemfuata kutoka Mbeya. Watoto wana miaka 10, 6 na 2. Tuko nyumba ya wageni, na mwisho wa mwezi inabidi tutoke. Komisioneri (dalali wa nyumba) ametuonyesha nyumba Bel-Air na nyingine Katuba, kote anataka garanti (amana) ya kodi ya miezi sita. Ndivyo ilivyo, au anatupima? Halafu friji, birika, pasi na runinga yetu vina plagi za Tanzania, zile za miguu mitatu bapa, na soketi za hapa ni matundu mawili ya duara. Mkubwa alikuwa darasa la nne la Kiswahili, Kifaransa hajui hata neno. Maji ya bomba nayo, wengine naona wanayanywa, wengine hapana. Nianzie wapi?

YayaBelAir
Karibu Mama. Anza na nyumba, kwa sababu ukiikosea hiyo, kura na maji vitakutesa mkataba mzima.

Garanti kwanza. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mabayeri (wenye nyumba) wengi wanadai zaidi, na mgeni ndiye anadaiwa zaidi ya wote. Mwambie unaijua sheria, halafu mpe njia ya kutokea: garanti ya miezi mitatu, pamoja na kodi ya miezi miwili au mitatu ya mbele. Hivyo ni vitu viwili tofauti, vitenganishwe kwenye risiti. Garanti inarudi siku ya kuondoka, kodi ya mbele inaliwa. Risiti ikiandikwa tu “amelipa miezi sita”, siku ya kutoka utabishana na ukuta.

Mkataba upite kwenye huduma ya makazi ya komini (manispaa). Ugomvi wa mpangaji na bayeri unaanzia pale kwa usuluhishi kabla ya kufika mahakamani, na wataanza kwa kuuliza karatasi. Omba kuona hati ya parseli (kiwanja). Nyumba ikiwa ya urithi, warithi wote wasaini, la sivyo baada ya miezi mitatu atakuja kaka ambaye hujawahi kumsikia kudai kodi yake.

Komisioneri kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja. Alipwe siku unayopewa funguo, si siku ya kuonyeshwa.

Omba pia risiti za mwisho za SNEL (shirika la umeme) na Régideso (la maji). Deni linabaki na nyumba, na mtu wa kukata waya haulizi nani alikuwa akiishi humo mwaka jana. Bayeri aandike mkatabani kwamba deni la kabla ya tarehe yenu ni lake.

MtotoWaKatuba
Yaya amesema vizuri, ila asikutishe ukaamini ni Bel-Air tu. Hapa hali inabadilika avenyu kwa avenyu. Unaweza kupata Katuba parseli yenye maji kila usiku, na mtaa wa vigae usione tone wiki nzima. Mimi ningechagua nyumba kwa maji kwanza, kura ya pili, uzuri wa mwisho kabisa.

Nenda bila komisioneri, alfajiri na tena jioni. Fungua bomba la nje. Muulize jirani, si bayeri: maji yanakuja saa ngapi, yalikatika lini mara ya mwisho? Kama kuna foraji (kisima kirefu cha pampu), uliza pampu inatumia nini. Pampu ya kura bila tangi la juu maana yake kura ikienda, maji nayo yamekwenda. Watu watano kwa lita 40 kila mmoja ni lita 200 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 1000 linawavusha siku tano. Tangi liwe juu ya mnara wa mita tatu hivi, maji yateremke yenyewe.

Kama ni kisima cha kuchimba kwa mkono, tazama choo cha shimo kiko wapi, cha kwenu na cha jirani. Chini ya mita 30 nakuambia tafuta kwingine, hasa Novemba hadi Aprili mvua zinapopandisha maji ya ardhini. Ukiweza, itazame nyumba siku mvua imetoka kunyesha, utajua kama kanivo (mtaro) inapeleka maji mbele au inayarudisha sebuleni.

Ya kunywa yatibu hata yakiwa ya Régideso, maana bomba likikaa tupu linavuta uchafu kupitia nyufa. Maji ya javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) yasiyo na manukato: yenye klorini asilimia 5, matone 2 kwa lita, yaani matone 40 kwa bidoni (dumu) ya lita 20. Tikisa, subiri dakika 30. Javeli nyingi za dukani ni dhaifu, kama asilimia 2.6, hapo weka matone 4 kwa lita. Soma chupa. Maji yakiwa na tope yachuje kwa kitambaa kwanza, kisha dozi mara mbili. Chupa iliyokaa juani dirishani imekwisha nguvu, hata kama inanuka.

FundiKura
Mama, kwa plagi: runinga na chaja za simu tumia adapta, hakuna shida. Birika na pasi usithubutu. Birika la wati 2000 kwa volti 220 linavuta ampea 9 na zaidi, na adapta za barabarani zina bati jembamba ndani. Inapata moto, plastiki inalegea, mguso unalegea, moto unazidi. Ukishanusa plastiki, soketi nayo imekwenda.

Kata plagi ya zamani, funga ya duara ya ampea 16 yenye tundu la ardhi. Waya wa kahawia ni fezi (wenye moto), bluu ni nyutro, kijani-njano ni ardhi. Wengi wanasahau kwamba plagi ya Tanzania ina fyuzi ndani. Ukiikata, ulinzi huo umeondoka, kinachobaki ni disjonkteri (swichi inayojikata yenyewe) ya nyumba. Kwa hiyo fungua sanduku la kura kabla ya kuhamia. Laini ya soketi iwe na disjonkteri ya ampea 16, isiwe 32, na isiwe kipande cha waya kilichopindwa na mtu aliyechoka kuirudisha juu. Utakikuta hicho mara nyingi kuliko unavyodhani.

Uliza pia kama nyumba ina ardhi ya kweli. Soketi yenye mguu wa ardhi si ushahidi, nyuma yake inaweza isiwe na waya wowote. Fundi achomeke taa ya wati 60 kati ya fezi na ardhi. Isipowaka, au ikiwaka hafifu, ardhi hakuna au ni mbovu.

Friji ndiyo kifaa kinachokufa haraka hapa, na delestaji (mgawo wa umeme) siyo sababu pekee. Jioni wote wakipika, kura inaweza kushuka hadi volti 160 au 170. Mota inashindwa kuanza, inavuta umeme mwingi bila kuzunguka, inaungua. Halafu kura inaporudi inakuja kwa kuruka. Nunua kifaa cha kulinda friji: kinakata ikiwa chini ya 185 au juu ya 260 hivi, na kinasubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha. Dakika hizo ni za lazima, gesi ndani ya kompresa inahitaji muda kutulia kabla ya kusukumwa upya. Kama mtaani kwenu kura inashuka kila jioni, kifaa hicho kitakuwa kinakata tu na nyama itaharibika. Hapo ongeza stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) ya VA 1500 hadi 2000. Ile ya 500 anayokuuzia kijana sokoni ni ya runinga.

MwalimuWa6e
Nijibu shule. Primeri (shule ya msingi) hapa ni miaka sita, mwisho kuna ENAFEP, mtihani wa taifa. Kisha darasa la 7 na la 8 za elimu ya msingi, halafu humanités (sekondari) miaka minne na Examen d'État, mtihani wa kumaliza. Mwaka unaanza Septemba, si Januari. Primeri ya serikali haina ada tangu 2019, lakini madarasa yamejaa. Mtoto asiye na Kifaransa atapotea nyuma ya chumba. Kama mfuko unaruhusu, tafuta shule ya binafsi yenye wanafunzi wasiozidi 35 darasani.

Wa miaka 6 hana tatizo, aingie la kwanza, wenzake nao ndiyo wanajifunza kusoma. Wa miaka 10 mimi ningemweka la nne, ingawa umri unasema la tano. Atapata muda wa kutosha kabla ya ENAFEP.

Vinavyowaangusha watoto wa kutoka Tanzania si sarufi tu. Desimali huandikwa kwa mkato: 3,5 na siyo 3.5. Mgawanyo unapangwa vingine, kigawanyo kinakaa kulia nyuma ya mstari. Namba za Kongo ni septante (70) na nonante (90), kwa hiyo video za Ufaransa za intaneti zitamchanganya. Na mwandiko ni wa kuunganisha herufi; mtoto aliyezoea kuandika herufi mojamoja hasomi hata ubao. Anza na mwandiko leo, kurasa mbili kwa siku, kabla ya kununua kamusi yoyote.

Sare ni shati jeupe na bluu nzito chini. Kuna journal de classe, daftari unalosaini kila jioni, usilipuuze. Kufaulu ni asilimia 50. Karatasi: ripoti za Mbeya, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, vitafsiriwe Kifaransa na mtafsiri aliyeapishwa.

PapaRuashi
Mwalimu, samahani, la nne ni kumrudisha nyuma. Hesabu anazijua. Mtoto wa miaka 10 akikaa na wa miaka 9 anavunjika moyo.

MwalimuWa6e
Papa, hesabu za la tano hapa ni mafumbo ya maneno, aya nzima za Kifaransa. Ila hoja yako naipokea: omba shule impe jaribio la hesabu la namba tupu. Akipata zaidi ya asilimia 70, ajaribu la tano kwa kipindi kimoja, na mkuu wa shule akubali kwa maandishi kwamba anaweza kushuka bila kulipa upya.

MamaWatatu
Asanteni sana jamani. Tumeelekea nyumba ya Kampemba yenye foraji, ila tangi la lita 1000 liko chini na pampu ni ya kura. Sola ya kuanzia iwe ya ukubwa gani? Na jikoni nijiandae vipi?

MamaSokoKenya
Jikoni kwanza, Mama. Gunia la unga la kilo 25 bei yake inaifuata Zambia. Kule wakifunga mpaka wa mahindi, hapa inapanda wiki hiyohiyo. Nunua ya akiba baada ya mavuno, Mei na Juni, lakini usizidishe ya miezi miwili, wadudu watakula nawe. Makala (mkaa) hupanda bei mvua zikianza kwa sababu barabara za porini zinaharibika, nunua gunia mbili Oktoba na uziweke juu ya mbao. Kisamvu chenu hapa ulizia sombe, mchicha ulizia lengalenga.

Juni na Julai usiku ni baridi, inashuka chini ya digrii 10. Mbabula (jiko la mkaa) isiingie chumbani hata ikiwa makaa yamebaki mekundu tu. Moshi umeisha lakini gesi yenyewe haionekani wala hainuki, na inaua watu waliolala.

Na vumbi. Mji huu ni wa shaba na kobalti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven uliochapishwa 2009 ulikuta metali nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, watoto zaidi. Sakafu ipigwe deki ya maji, isifagiliwe kavu, viatu vibaki mlangoni, na wa miaka 2 anawe kabla ya kila kula. Mboga za bustani iliyo chini ya bomba la moshi la kiwanda usinunue.

PapaKasumbalesa
Fupi: usidhani visa ya kazi ya mume inabeba familia nzima, ulizia DGM (idara ya uhamiaji) kila mtu kwa jina lake. Tembea na kopi ya pasipoti iliyothibitishwa, ya kweli ibaki nyumbani. Jitambulisheni kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) wiki ya kwanza. Dola iliyochanika hata milimita mbili haipokelewi, ikague kabla hujaondoka dirishani. Laini ya simu inabeba pochi mbili, faranga na dola, angalia unatuma ipi. Bendera ikipandishwa au kushushwa, simama ulipo hadi imalizike. Na gari: hapa tunakwenda kulia.

FundiKura
Sola. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni Wh (wati-saa) 210. Runinga ya wati 60 saa 4 ni 240. Simu na ruta weka 150. Jumla 600. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 ina Wh 1200, lakini ukiishusha chini ya nusu inakufa ndani ya mwaka, kwa hiyo inakutosha kamili bila friji. Paneli za wati 300 jumla, maana msimu wa mvua hupati zaidi ya saa nne za jua la maana. Zielekee kaskazini, mwinamo wa digrii 10 hadi 15. Friji ndogo inaongeza kama Wh 1000 kwa siku. Hapo nenda litiamu ya volti 24, Ah 100, inverta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya wati 1500 yenye wimbi safi, na paneli zisipungue wati 800. Betri ya asidi isikae chumba cha kulala.

Pampu ya foraji usiifunge kwenye sola hiyo. Ya nguvu ya farasi moja inakula wati 750 na zaidi ikizunguka, lakini inapoanza inavuta mara nne au tano ya hapo, inverta itazima. Dai bayeri apandishe tangi kabla hamjasaini; mnara wa chuma ni kazi ya mchomeleaji ya siku chache. Lita 1000 ni tani moja, miguu ikae juu ya zege, siyo juu ya matofali. Akigoma, mwambie mtajenga ninyi na gharama ikatwe kwenye kodi, iandikwe mkatabani kwa kiasi na kwa miezi.