Japandi: usahili wa Japani na wa Skandinavia unakaa chumba kimoja?

Mleta Mada
Wauzaji wa samani wanatangaza mtindo unaoitwa Japandi: kuta za krimu, mbao za rangi nyeupe, chungu kimoja mezani, nafasi tupu. Wanatuambia Wajapani na watu wa Skandinavia wana imani moja, ndiyo maana vitu vyao vinapatana. Napinga. Chumba cha Kijapani ni kitupu kwa sababu vitu vimeondolewa, si kwa sababu ni vichache. Futoni, godoro jembamba la kulalia sakafuni, hukunjwa asubuhi na kuingizwa kwenye oshiire, kabati la ukutani lenye kina cha karibu sentimita 90. Isipokunjwa, jasho la usiku hubaki chini yake na tatami, bamba la majani linalofunika sakafu, inaota ukungu. Wenye uwezo walikuwa pia na kura, ghala la kuta nene. Ile picha moja inayoning'inia kwenye tokonoma, kishubaka cha ukutani cha mapambo, ina wenzake waliofungiwa wakisubiri msimu wao.

Skandinavia shabaha ilikuwa nyingine. Mwandishi Ellen Key wa Sweden alidai uzuri kwa watu wote mwaka 1899, na usahili wa huko ukawa suala la bei na vipimo. Kiti J39 cha mbunifu Børge Mogensen, 1947, kilibuniwa kwa ajili ya FDB, ushirika wa walaji wa Denmark, ili familia ya kawaida iweze kukinunua. Japani wanaondoa, Skandinavia wanagawa. Ukinunua mwonekano bila kabati, sebule itapendeza na chumba cha kulala kitajaa marundo.

Mtafiti wa Samani
Ndugu, tofauti umeieleza sawasawa, ila usiseme mchanganyiko umezushwa na wauzaji. Arnold Krog alipokabidhiwa usimamizi wa sanaa katika kiwanda cha kaure cha Royal Copenhagen mwaka 1885, alichota sana kutoka michoro ya Kijapani. Mwaka 1957 Finn Juhl, mbunifu wa Denmark, alitoa viti vyake vya Japan. Hawa wamesomana kwa zaidi ya karne moja.

Fundi Mbao
Kusomana ni jambo moja, kukaa pamoja ni jingine. Tatizo linaanzia kwenye kimo. Kiti cha Kidenmaki kina kikalio cha sm 44 hivi na meza yake 72. Meza ya Kijapani ya kukalia chini ina 35. Aliye kitini macho yake yako karibu sm 120 kutoka sakafuni, aliye chini hafiki 80. Mmoja anainua shingo, mwingine anainama, jioni nzima.

Wajapani wenyewe wana dawa yake: koagari, jukwaa la tatami lenye kimo cha sm 30 hadi 40, na droo chini yake. Macho yanalingana, na kabati analolidai Mleta Mada linapatikana hapo hapo. Uso wa jukwaa uwe chaga zenye mianya, usiwe plaiwudi nzima, na nyuma ya droo pawe na matundu, la sivyo tatami itaoza kuanzia chini. Na jamani, tatami si mkeka. Ni bamba lenye unene wa sm 5 na nusu hivi: moyo wake wa asili ni majani makavu ya mpunga yaliyoshindiliwa, juu kuna ufumo wa nyasi ya igusa. Ufumo hugeuzwa baada ya miaka michache, baadaye hubadilishwa, moyo ukibaki. Kulitandika moja kwa moja juu ya saruji ni kuliua.

Kosa jingine ni kutia kioo kwenye shoji, mlango wa kuteleza wa fremu ya mbao na karatasi. Kioo cha mm 5 kina kilo 12.5 kwa mita ya mraba, na shoji ya asili haina magurudumu. Inateleza kwenye mfereji wa mbao wenye kina cha mm 3 tu chini. Wa juu ni mm 15, ili mlango uweze kunyanyuliwa na kutolewa. Mfereji utalika, mlango utakwama. Bandika karatasi kwa gundi ya wanga, ikauke, kisha inyunyizie maji kidogo. Ikikauka tena inajikaza yenyewe.

Dada wa Matunzo
Kuna uongo mmoja sijauona ukiguswa: kwamba mbao hizi nyeupe hazina kazi. Mwaloni wa Kidenmaki wenye rangi ile kavu mara nyingi haukupakwa vanishi, umelishwa sabuni. Chukua vipande vya sabuni ya asili, visivyo na rangi wala manukato, desilita 1 kwa lita 1 ya maji ya moto. Pakaa kwa kitambaa, futa kwa kufuata nyuzi za mbao, ikauke, halafu pitisha msasa namba 240 kidogo. Rudia mara kadhaa mwanzoni, baadaye kila inapoanza kushika madoa. Usitumie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria: tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mwaloni, ikikutana na chuma na maji inatoa alama nyeusi. Mtiki haufai kwa sabuni, unabaki na utando mweupe. Huo upe mafuta.

Msanifu
Mimi nasimama na Mleta Mada, kwa sababu ya mwanga. Stockholm, Sweden, mchana wa Desemba una urefu wa saa 6 hivi, kwa hiyo ukuta mweupe unaokota kila mwanga uliopo. Nyumba ya jadi ya Japani ina vipenu virefu vya kuzuia jua kali la kiangazi. Mwanga unaingia kwa chini, umeshachujwa na karatasi, na chumba kimekusudiwa kiwe na giza kiasi. Rangi za krimu zinazouzwa hazitatui shida ya upande wowote.

Mleta Mada
Koagari nimeikubali, Fundi, na pingamizi langu la kabati nalipunguza hapo. La mwanga bado halijajibiwa. Anayetetea mchanganyiko atuambie dirisha lake linaelekea wapi na kipenu chake kina urefu gani, kabla hajataja rangi ya ukuta.